Nom, Postnom, Prénom: Imani ya Wazazi Wetu Wakati wa Zaïre

Masomo: Danieli 1:1-8, Danieli 6:10, Kumbukumbu la Torati 6:6-9, Ufunuo 3:1



Chukua karte yako ya uchaguzi uitazame. Utaona nafasi tatu za jina: nom, postnom, prénom. Sisi tumezoea, hatushangai. Lakini ukivuka mpaka na kuwauliza jirani zetu wa Rwanda, Burundi au Tanzania postnom yao ni nani, hawatajua unauliza nini. Neno hilo lilizaliwa kwetu Kongo, na lina historia yake.

Tazama pia jina la kanisa lako. Tunasema 3e CBCA, 5e CELPA, 8e CEPAC. Siku moja mtoto wa shule ya siku ya Mungu alituuliza kama makanisa yalifanya mtihani, na nani alitoka wa kwanza. Tulicheka, kisha tukaona kwamba hata wazee waliokuwa wameketi pale hawakuweza kumjibu vizuri. Namba hizo nazo zina historia.

Mambo hayo mawili, postnom yetu na namba ya kanisa letu, yanatoka katika miaka ile ile michache, kuanzia mwaka 1970 mpaka 1974. Ni miaka ambayo serikali iliingia katika jina la mtu, katika nguo yake, katika kalenda yake, katika masomo ya watoto wake, mpaka ikafika kwenye mlango wa kanisa. Leo tunataka kuwaeleza yaliyotendeka, kwa sababu vijana wetu hawayajui na wazee wanaoyajua wanatuacha mmoja mmoja. Tena yamo mafundisho ambayo tunayahitaji sana sasa, kuliko hata wakati ule.

Kabla ya Zaïre

Tuanze nyuma kidogo. Injili ya Kipentekoste ilifika katika nchi yetu mwaka 1915, wakati William Burton na James Salter walipofika Mwanza katika Katanga. Upande wa Kivu, wamisionari kutoka Sweden na Norway walifungua kazi yao katika miaka ya 1920. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Waliacha nchi zao, na wengine makaburi yao yako huku.

Lakini Injili ilipokuja wakati wa ukoloni, ilikuja imefungwa pamoja na desturi za waliotuletea. Katika misioni nyingi mtu aliyebatizwa alipewa jina jipya, na jina la babu yake likaitwa jina la kipagani. Majina mengine yaliyotolewa yalikuwa ya Biblia: Petro, Yohana, Mariamu. Mengi hayakuwa ya Biblia hata kidogo. Yalikuwa ya Ulaya tu. Léopold ni jina la mfalme wa Ubelgiji, halikuwa jina la mtume. Na wakati huo huo mtu aliyeitwa Byamungu, maana yake vya Mungu, aliambiwa jina lake ni la giza. Aliyeitwa Murhula, maana yake amani, au Mugisho, maana yake baraka, naye aliambiwa hivyo hivyo. Babu zetu walikuwa wamemtaja Mungu katika majina ya watoto wao kabla misioni haijafika, nasi tukafundishwa kuona haya.

Tunasema hivi mapema ili tusiwe na historia ya upande mmoja. Serikali ilipokuja baadaye na kusema turudie majina ya wazee wetu, kulikuwa na ukweli ndani yake. Uongo unaovuta watu wengi mara nyingi huwa na kipande cha ukweli ndani.

Mwaka wa majina

Tarehe 27 mwezi wa 10 mwaka 1971, Rais Mobutu alibadilisha jina la nchi. Kongo ikaitwa Zaïre. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1972, aliacha jina lake Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Kisha raia wote wakaamriwa kufanya vile vile: kuacha prénom ya Kikristo na kuchukua majina ya asili. Hapo ndipo postnom ilipoingia katika karatasi zetu. Mchungaji au padri aliyethubutu kumbatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishwa kifungo.

Siasa hiyo iliitwa « authenticité ». Haikuishia kwenye jina. Wanaume waliacha koti la Kizungu na karavati, wakavaa abacost. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele bandia, wakaamriwa vikwembe. « Monsieur » na « Madame » vikaondolewa, kila mtu akawa « citoyen » au « citoyenne ».

Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, hakukubali kunyamaza. Jambo la kushangaza ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mbele katika kutaka kanisa lake liwe na sura ya Kiafrika, liimbe kwa ngoma na kuomba kwa lugha zetu. Hakuwa mtetezi wa Ulaya. Alichokataa ni kwamba serikali ndiyo iamue Mkristo aitwe nani mbele ya Mungu. Mwaka huo wa 1972 nyumba yake ilichukuliwa, akalazimika kwenda Roma, na akarudi baada ya miezi kadhaa. Sisi ni Wapentekoste, si Wakatoliki, lakini anayestahili heshima apewe heshima.

Na sisi Waprotestanti? Tuseme kweli: sauti yetu ilikuwa ndogo. Mwezi wa 3 mwaka 1970, Baraza la Waprotestanti lilikuwa limegeuzwa kuwa kanisa moja, ambalo leo tunaliita Église du Christ au Congo, ECC. Misioni na makanisa mbalimbali yakawa « communautés » ndani yake, yakaandikwa kwa namba. Ndiyo namba tunazozibeba mpaka leo. Kisha sheria ya mwisho wa mwaka 1971 ikaweka masharti makali juu ya dini. Makanisa yaliyotambuliwa mwanzoni yalikuwa matatu: Wakatoliki, Wakimbangu, na ECC, wakati ule ikiitwa Église du Christ au Zaïre. Kundi dogo lililokuwa peke yake lilipaswa kutafuta nafasi chini ya mojawapo au kufunga mlango. Makanisa yetu ya Kipentekoste yalipata usalama chini ya paa hilo. Lakini paa lililokupa usalama linaweza pia kukufunga mdomo. Viongozi wengi wa Kiprotestanti walisifu « authenticité », na wachache sana walisema neno.

Noeli ya siku ya kazi

Baada ya majina, mambo yalikwenda mbio. Mwisho wa mwaka 1972 vyama vya vijana vya makanisa vilivunjwa. Kijana alipaswa kuwa katika JMPR, vijana wa chama cha serikali, na si mahali pengine. Vipindi vya dini katika redio na televisheni vikakatazwa. Wewe unayesoma karatasi hii ya redio ya kanisa, simama hapo kidogo ufikiri: kuna wakati katika nchi hii kipindi unachokisikia asubuhi ukiwasha moto jikoni kisingeruhusiwa.

Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko. Tarehe 25 mwezi wa 12 ikawa siku ya kazi kama nyingine. Mwisho wa mwaka huo serikali ilichukua shule za makanisa, na masomo ya dini yakatolewa. Mahali pake watoto wakafundishwa mawazo ya Mobutu. Misalaba iliondolewa katika ukuta wa shule na hospitali, ikatundikwa picha ya Mwongozi. Kila asubuhi watoto waliimba na kucheza kwa ajili yake. Wakati huo ndipo viongozi wa chama walipoanza kusema wazi, bila haya, kwamba yeye ni nabii na masiya wa taifa, na kwamba chama ndicho kanisa.

Hapo, wapendwa, jambo halikuwa tena la jina wala la karavati. Hapo tulikuwa tumefika katika uwanda wa Dura, mbele ya sanamu ya Nebukadreza.

Yaliyotendeka nyumbani

Sisi tunaoandika tulizaliwa baadaye, karibu na mwaka 1980. Tuliyoyajua kwanza tuliyapata kwa baba yetu, aliyekuwa mzee wa kanisa na mfanyakazi katika shamba la chai. Alituambia kwamba Noeli ya kwanza bila mapumziko, mwaka 1974, iliangukia siku ya tatu ya juma. Waamini wa kijiji chake waliamka saa tisa ya usiku, wakakusanyika katika nyumba ya mjane mmoja kwa sababu ilikuwa mbali na barabara. Hawakupiga ngoma. Waliimba kwa sauti ndogo, wakasoma Luka sura ya pili kwa mwanga wa taa ya petroli, wakaomba, na saa kumi na moja kila mtu akashika njia ya kazi. Baba alizoea kusema: « Noeli ile ndiyo tuliyoisikia vizuri kuliko zote. Hakukuwa na nguo mpya ya kutazama. »

Na jina je? Katika karatasi za serikali sisi tuliandikwa nom na postnom peke yake. Nyumbani mama alituita kwa jina la Biblia, asubuhi mpaka jioni. Siku ya kwanza ya masomo mwalimu alisoma orodha, akaita jina letu mara tatu, nasi tukakaa kimya, kwa sababu hatukujua kwamba ni sisi. Tuliandikwa kwamba hatukufika. Jioni baba alicheka sana, kisha akatufundisha majina yote mawili. Alisema: « Hili ndilo la babu yako, ulibebe kwa heshima. Na hili ndilo tulilokuombea kabla hujazaliwa. Ukiitwa kwa lolote, uitike, lakini ujue wewe ni wa nani. » Hatukusikia mahubiri mazuri kuliko hayo katika miaka yote ya chuo cha Biblia.

Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Serikali ilikataa vyama vya vijana, basi vikundi vya maombi vikaongezeka katika nyumba za watu mijini. Jirani zetu Wakatoliki nao walitia nguvu katika jumuiya zao ndogo za mtaa, zile wanazoziita mashirika. Masomo ya dini yalitolewa shuleni, basi mama akawa mwalimu. Serikali ilichukua kila kilichokuwa na mlango, saini na muhuri. Haikuweza kuchukua meza ya jioni.

Lakini hatutaki kuwapamba wazee wetu kupita kiasi. Walikuwapo vijana wengi ambao imani yao ilikuwa ni sare ya kikundi cha kanisa na safari za kuimba. Kikundi kilipovunjwa, walikwenda kucheza kwa ajili ya chama, na sauti zao nzuri zikabadilisha wimbo tu. Walikuwapo wachungaji waliotanguliza sifa za Mwongozi kabla ya kufungua Biblia.

Na baba yetu mwenyewe alicheza. Alituambia akiwa mzee, karibu na mwisho wake, na hakutaka kutuangalia usoni. Mkubwa mmoja wa serikali alitembelea shamba, na wafanyakazi wote waliwekwa katika mistari kuimba. Alisema: « Abacost haikuniumiza. Beji yenye picha kifuani haikuniumiza. Kinachoniumiza ni kwamba siku ile niliimba juu ya mtu maneno ambayo ni ya Yesu peke yake. Nilijiambia kwamba ninaimba kwa mdomo tu, moyo uko kwa Bwana. Lakini kaka yenu mkubwa alikuwa amesimama kando ya njia. Mtoto anasikia mdomo. Moyo haoni. »

Tumeombwa mara nyingi kutoa ushuhuda wa familia yetu, na mara nyingi tumeeleza ile Noeli ya saa tisa ya usiku tukaacha hii habari ya kucheza. Leo tumeona ni lazima kuandika zote mbili.

Danieli alikataa nini?

Sasa tufungue Biblia. Danieli na wenzake watatu walichukuliwa kutoka Yerusalemu kwenda Babeli wakiwa vijana. Serikali ya Babeli ilifanya nini nao? Iliwapeleka kwenye masomo yake ya miaka mitatu, ikawafundisha lugha yake, na mkuu wa matowashi akawapa majina mapya. Danieli, ambaye jina lake linasema Mungu ni mwamuzi wangu, akaitwa Belteshaza, na mfalme mwenyewe anasema katika sura ya nne kwamba jina hilo linamtaja mungu wake. Hanania akaitwa Shadraka, Mishaeli akaitwa Meshaki, Azaria akaitwa Abednego.

Soma sura ya kwanza pole pole. Hatuoni mahali Danieli anapigana juu ya jina. Hatuoni anakataa masomo. Alisoma vitabu vya Wakaldayo mpaka akawapita wote. Lakini kufika kwenye chakula cha mfalme, mstari wa 8 unatuambia kwamba aliamua moyoni mwake. Alijua mahali pa kuinama na mahali pa kusimama. Yusufu naye aliitwa kwa jina la Kimisri na Farao, akalibeba. Lakini watoto wake waliozaliwa Misri aliwapa majina ya Kiebrania, Manase na Efraimu, na ndani ya majina hayo alimshukuru Mungu. Barabarani aliitwa kama Mmisri. Nyumbani watoto walijua Mungu wa Yakobo.

Na tazama jambo moja ambalo wengi wetu hatujaliona. Katika makanisa yetu tuna vijana wengi wanaoitwa Shadrack na Meschack. Wazazi waliwapa majina hayo wakidhani ni majina ya Kiebrania ya watu wa Mungu. Sivyo. Ni majina ambayo Babeli iliwapa! Majina yao ya nyumbani, Hanania na Mishaeli, karibu hatuyatumii. Kwa nini basi Shadraka limekuwa jina zuri kwetu? Kwa sababu ya mtu aliyelibeba ndani ya tanuru. Babeli ilimpa jina la kipagani, naye akalifanya liwe ushuhuda. Jina halikumtakasa yeye. Yeye, kwa neema ya Mungu, alilitakasa jina.

Basi kipimo ni hiki. Wakati wa Zaïre, mtu aliyekubali postnom ya babu yake hakumkana Kristo. Mtu aliyevaa abacost hakumkana Kristo. Wengine walipata faida: tulijifunza tena kwamba Mungu anaelewa Kishi, Kiluba, Kifulero na Kibembe, na kwamba Byamungu ni jina linaloweza kuitwa katika ubatizo bila haya. Lakini aliyempa mtu cheo cha masiya alivuka mstari, hata kama aliitwa Yohana Mbatizaji. Hatari haikuwa pale walipoitazama watu wote, kwenye jina. Ilikuwa hatua chache mbele, na wengi waliifikia wakiwa wamechoka kubishana juu ya karavati.

Namna ilivyokwisha

Ile nguvu kubwa haikudumu. Bei ya shaba ilianguka, hazina ya serikali ikawa tupu, na shule zilizochukuliwa kwa kelele zikakosa wa kuziongoza. Serikali iliyokuwa imesema chama ndicho kanisa ilirudi kwa makanisa yale yale kuomba msaada. Mwaka 1977 ilitia saini mapatano na makanisa, na shule zikarudishwa mikononi mwao. Ndiyo maana mpaka leo tunazo « écoles conventionnées ». Masomo ya dini yalirudi. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Karavati zikatoka katika masanduku, na prénom zikarudi katika vinywa vya watu bila woga. Mwezi wa 5 mwaka 1997 yeye mwenyewe aliondoka, na nchi ikarudia jina la Kongo.

Nebukadreza amepita, Danieli amebaki. Tulitazamia kwamba baada ya kurudishiwa kila kitu, imani yetu ingekuwa na nguvu mara mbili.

Leo tunavyo vyote

Ni kweli tumerudishiwa vyote. Noeli ni siku ya mapumziko, na soko linajaa wiki mbili kabla. Redio za kanisa ziko katika miji mingi. Duka la dawa linaitwa La Grâce, butike inaitwa El-Shaddai, kwenye basi kumeandikwa Damu ya Yesu. Na majina! Watoto wetu wanaitwa Plamedi, ndiyo kusema « plan merveilleux de Dieu ». Wanaitwa Exaucé, Merdi, Gloire, Divine, Dieumerci. Hakuna kizazi katika historia ya Kongo kilichomtaja Mungu katika karatasi za serikali kuliko hiki.

Mwaka uliopita, katika darasa la ubatizo, tulimwuliza kijana mmoja, ambaye jina lake ni sifa nzima kwa Mungu, wazazi wake walimwambia nini juu ya jina hilo. Akajibu bila ubaya: « Pasta, sijawahi kuuliza, na wao hawajawahi kusema. » Tukauliza darasa lote, vijana zaidi ya ishirini, ni nani ambaye katika nyumba yake wanasoma Biblia pamoja hata mara moja kwa juma. Mikono minne iliinuka. Na hao ni watoto wa waamini. Wengine ni watoto wa wachungaji.

Tukitembelea nyumba jioni, tunaelewa sababu. Baba ana simu yake, anafuata habari za vita na za mpira. Mama ana simu yake. Kijana yuko kwenye kona na simu yake, na hakuna anayejua anatazama nini. Televisheni inaongea peke yake, mara nyingine ni mahubiri, lakini hakuna anayesikiliza. Hakuna sheria iliyotukataza kuomba. Hakuna mkubwa wa chama aliyekuja kuondoa msalaba ukutani. Ile meza ya jioni ambayo Mobutu hakuiweza, tumeitoa sisi wenyewe, bure, na hakuna aliyetutisha kifungo.

Bwana Yesu aliliandikia kanisa la Sardi neno linalotutetemesha. Katika Ufunuo 3:1 anasema kwamba lina jina la kuwa hai, lakini limekufa. Hakusema Sardi walinyang'anywa jina. Jina walikuwa nalo, zuri sana. Kilichokosekana kilikuwa nyuma ya jina.

Na habari ya sanamu, tusidhani imekwisha. Kila tunapokaribia uchaguzi, mwanasiasa anakuja katika ibada. Anapewa kiti cha mbele, kipaza sauti kinamfuata, bahasha inatangazwa, chorale inabadilisha wimbo kidogo ili jina lake liingie. Tumeona kwa macho yetu mtu akiitwa Musa wa mji wetu kwa sababu alitoa mabati. Tunawaambia wachungaji wenzetu, nasi tukijihesabu wa kwanza: watoto wamesimama kando ya njia. Wanasikia mdomo, moyo hawauoni.

Tufanye nini?

Jambo la kwanza: juma hili, baba na mama, mweleze kila mtoto majina yake yote. Nom yatoka wapi, postnom ni ya nani katika ukoo, prénom mliiomba kwa sababu gani. Usimwonee haya babu yako, wala usimsahau Bwana wako. Kama mlichagua jina kwa sababu tu lilikuwa zuri masikioni, semeni kweli, kisha mlipe maana leo kwa maombi. Yatima nao wasiachwe. Mzee wa kanisa anaweza kukaa na mtoto asiye na wa kumweleza.

Jambo la pili: rudisheni meza ya jioni. Kumbukumbu la Torati 6 haikuliweka neno la Mungu kwanza mikononi mwa shule, wala redio, wala mchungaji. Ililiweka nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Robo ya saa inatosha kuanza. Simu zote ziwekwe mahali pamoja, na ya baba iwe ya kwanza. Asiyejua kusoma aeleze habari moja anayoikumbuka; mama zetu wengi hawakujua kusoma na walitufikisha hapa.

Jambo la tatu: kila nyumba iamue kabla, kama Danieli alivyoamua kabla ya sahani kufika mezani, ni kitu gani haitakula. Kwa nyumba moja ni rushwa kazini. Kwa nyingine ni picha zinazotazamwa usiku. Kwa kanisa ni bahasha inayonunua wimbo. Anayengoja siku ya sanamu ndipo aamue atajikuta yuko katika mstari, anaimba.

Danieli 6:10 inatuonyesha mzee Danieli baada ya sheria mpya kutiwa saini. Alikwenda wapi? Alikwenda nyumbani kwake, akapiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa akifanya tangu mbele. Hakuanza kuomba siku ile kwa sababu ya hatari. Alikuwa amezoea. Wazee wetu walioamka saa tisa ya usiku mwaka 1974 nao walikuwa wamezoea.

Hatujui kesho serikali gani au desturi gani itakuja kugusa nini chetu. Vita vinatuzunguka, na wengine wanasoma karatasi hii wakiwa mbali na nyumba zao, hawana hata karte mkononi. Kwao pia neno la Isaya 43:1 linasimama: Mungu aliyetuumba anatujua na kutuita kwa jina. Jina hilo halikuandikwa na ofisi yoyote, na hakuna ofisi itakayolifuta.

Tuombe. Bwana Yesu, tunakushukuru kwa ajili ya wazee waliokutaja kwa sauti ndogo wakati sauti kubwa zilikuwa za mwingine. Utusamehe, sisi na wazazi wetu, kwa nyimbo zako tulizompa mtu. Rudisha neno lako katika nyumba zetu, na utupe kufanana na majina tuliyowapa watoto wetu. Amina.